Jina Moja, Vimelea Vingi: Upambanuzi wa Kijeni wa Vimelea vya Maji Vinavyoambukiza Watu na Mifugo

1.0 Utangulizi

Katika milima ya Lubero, Kipese na vijiji vinavyoizunguka vikiwamo, maji ya kunywa hutoka hasa katika chemchemi na vijito. Mahali pale pale ambapo mtoto huinama kujaza dumu, mbuzi na kondoo hunywa, na penye malisho ng'ombe nao hushuka jioni. Mtoto anapoharisha kwa siku nyingi, maelezo mawili huweza kusikika. Mwenye shamba husema maji yamechafuliwa na mifugo ya jirani. Mfugaji hujibu kwamba wanaochafua ni watu wasiokuwa na vyoo. Kila mmoja ana sababu zake, wala hakuna awezaye kumthibitishia mwenzake.

Ubishi huu una uzito. Kama chanzo cha maradhi ni mifugo, kazi ya kwanza ni kuizungushia chemchemi ua na kutengeneza birika la kunyweshea wanyama mahali pengine. Kama chanzo ni watu, ua hautatosha: hapana budi vyoo vichimbwe, mikono inawiwe, na maji yalindwe hata ndani ya nyumba. Kijiji chenye fedha kidogo hakiwezi kuyafanya yote kwa mara moja. Aidha, lawama anayotupiwa jirani bila ushahidi huweza kuacha uhasama unaodumu kuliko maradhi yenyewe.

Lengo la makala haya ni kueleza njia ambayo sayansi hutumia kulijibu swali hilo, yaani upambanuzi wa kijeni wa vimelea. Kwanza vitaelezwa vimelea vyenyewe na sababu ya darubini kushindwa kuvitenganisha. Kisha itaelezwa namna jeni zinavyosomwa, na matokeo yaliyopatikana Marekani, Kenya na Uganda. Mwishoni itajadiliwa mipaka ya njia hiyo, pamoja na maana yake kwa watu wa Kipese, Butembo na Beni.

2.0 Vimelea vyenyewe

Vimelea vinavyohusika hapa ni viwili: kriptosporidi na jiardia. Vyote viwili si minyoo. Kila kimoja ni kiumbe cha seli moja kinachoishi ndani ya utumbo wa mtu au mnyama. Jiardia ilianza kuonwa mapema sana: mwaka wa 1681 Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea darubini, aliiona katika kinyesi chake mwenyewe. Kriptosporidi ilielezwa mara ya kwanza na Mmarekani Ernest Edward Tyzzer mwaka wa 1907, alipoikuta katika tumbo la panya. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni jambo la wanyama tu, hadi mwaka wa 1976 ilipotambuliwa kwa binadamu.

Vimelea hivi hutoka mwilini pamoja na kinyesi vikiwa vimejifunika ganda. Umbo hilo lenye ganda huitwa sisti. Sisti ya jiardia ina urefu wa mikromita 8 hadi 12 hivi. Ile ya kriptosporidi ina mikromita 4 hadi 6 tu, hata sisti 200 zikipangwa mstari mmoja zitajaza takriban milimita moja. Sisti huweza kuambukiza mara tu zinapotoka, na hukaa hai katika maji baridi kwa majuma mengi. Jaribio lililofanywa Marekani kwa watu wenye afya waliojitolea, na kutangazwa mwaka wa 1995, lilionyesha kwamba sisti 132 hivi za kriptosporidi zinatosha kuambukiza nusu ya wanaozinywa. Ndama mmoja mgonjwa huweza kutoa mabilioni ya sisti. Klorini inayotiwa katika maji ya kunywa haiiui kriptosporidi. Kuchemsha huiua: inapendekezwa maji yachemke kwa dakika moja, na katika milima inayozidi mita 2,000, ambako maji huchemka kwa joto dogo zaidi, yachemke kwa dakika tatu.

Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wenye utapiamlo, na wale ambao kinga ya miili yao imedhoofishwa na UKIMWI. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kuanzia mwaka wa 2007 hadi 2011 katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwa mojawapo, na kutangazwa mwaka wa 2013, ulionyesha kwamba kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja kriptosporidi ilikuwa ya pili, baada ya virusi vya rota, miongoni mwa visababishi vya kuhara kulikokuwa kukali kiasi au kukali sana.

Hapa ndipo suala la majina linapoanza. Huko Butembo na Beni, kama kwingineko Kongo, neno la Kifaransa amibe limeingia katika Kiswahili cha kila siku, nalo hutumika kwa maumivu mengi ya tumbo yenye kuharisha. Mtu husema "nina amibe" hata kabla ya kupimwa. Jina hilo moja linafunika viumbe tofauti, na tofauti hiyo si ya kinadharia. Metronidazoli, ambayo ndiyo dawa inayotolewa kwa kawaida dhidi ya amiba, hufaa pia kwa jiardia, lakini haina nguvu juu ya kriptosporidi. Mtoto mwenye kriptosporidi anayepewa vidonge vya "amibe" anabaki na kimelea chake, na huku familia imekwisha kutoa fedha. Anachohitaji kwanza ni kurudishiwa maji na chumvi mwilini. Dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2002 kwa watoto wenye kriptosporidi, nitazoksanidi, haijathibitishwa kuwafaa wale wenye upungufu mkubwa wa kinga.

3.0 Mpaka wa darubini

Fundi wa maabara mwenye darubini na rangi zinazofaa anaweza kusema kwamba kinyesi fulani kina kriptosporidi au jiardia. Hiyo ni hatua kubwa kuliko kusema "amibe". Hata hivyo, hawezi kusema ni kriptosporidi ipi. Sisti za Cryptosporidium hominis, ambayo hasa ni ya watu, hufanana na zile za Cryptosporidium parvum, inayopatikana kwa watu na kwa ndama. Hufanana pia na zile za Cryptosporidium bovis na Cryptosporidium ryanae, ambazo ni za ng'ombe na kwa kawaida hazimdhuru mtu.

Fikiria basi mpimaji anayekuta sisti katika kinyesi cha mtoto na katika kinyesi cha ng'ombe anayekunywa kijito kile kile. Kwa darubini peke yake atasema kwamba wote wawili wana kimelea kimoja, na wanakijiji watahitimisha kwamba ng'ombe amemwambukiza mtoto. Huenda hitimisho hilo ni kweli. Lakini huenda pia mtoto ana C. hominis na ng'ombe ana C. bovis, na hakuna uhusiano wowote baina yao.

Hali ya jiardia ni hiyo hiyo. Inayoambukiza watu huitwa Giardia duodenalis, na jina hilo linajumuisha makundi manane yaliyopewa herufi A hadi H. Kundi A na kundi B hupatikana kwa watu na kwa wanyama mbalimbali. C na D hupatikana hasa kwa mbwa, E kwa wanyama wenye kwato kama ng'ombe, mbuzi na kondoo, F kwa paka, G kwa panya, na H kwa sili wa baharini. Kwa macho yote ni jiardia moja.

4.0 Namna jeni zinavyosomwa

Kila kiumbe hubeba maagizo ya urithi katika DNA, ambayo imeandikwa kwa "herufi" nne za kikemia: A, C, G na T. Jeni ni sehemu ya maandishi hayo. Viumbe vinavyofanana kwa umbo huweza kutofautiana katika maandishi, na tofauti hizo ndizo zinazotafutwa.

Kazi hupita katika hatua nne. Kwanza, ganda la sisti huvunjwa, mara nyingi kwa kuigandisha na kuiyeyusha mara kadhaa, ili DNA itoke. Pili, sehemu ndogo iliyochaguliwa hunakiliwa kwa njia iliyobuniwa na Kary Mullis mwaka wa 1983 na iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1993. Katika njia hiyo, inayojulikana kama PCR, sampuli hupashwa moto na kupozwa kwa zamu, na kila mzunguko huifanya idadi ya nakala kuwa maradufu. Kwa nadharia, baada ya mizunguko 30, nakala moja huzaa zaidi ya bilioni moja. Tatu, mashine husoma mfuatano wa herufi katika nakala hizo. Nne, mfuatano huo hulinganishwa na mingine iliyokwisha kuhifadhiwa katika hazina za kimataifa.

Mwanafunzi wa isimu ataifahamu kwa urahisi mantiki ya hatua ya nne, kwa sababu haiko mbali na ile ya uchunguzi wa lahaja. Msikilizaji aliye mbali husikia "Kiswahili" tu. Lakini mtu akisema jito badala ya jicho, au teka badala ya cheka, mwanaisimu hutambua mara moja upande wa Mombasa. Si kila neno linafaa kwa kazi hiyo. Neno kama mtu halitenganishi Kimvita na Kiunguja, na neno linalobadilika katika kila mtaa litamchanganya mchunguzi. Huchaguliwa maneno yenye tofauti ya kiasi kinachohitajika.

Kwa vimelea pia huchaguliwa jeni kwa kadiri ya swali. Ili kuzitenganisha spishi za kriptosporidi, hutumika jeni inayobadilika polepole, ile ya RNA ya ribosomu. Ili kutenganisha nasaba ndani ya spishi moja, hutumika jeni inayobadilika haraka iitwayo gp60. Kwa jiardia hutumika jeni kadhaa kwa pamoja.

Matumizi ya gp60 yameonyesha jambo muhimu. C. parvum yenyewe si kitu kimoja. Nasaba inayoitwa IIa huhusishwa hasa na ndama, IId hupatikana mara nyingi kwa kondoo na mbuzi, na IIc hupatikana karibu kwa watu tu. Kwa hiyo hata mtoto aliyethibitishwa kuwa na C. parvum huenda hakuipata kwa mnyama yeyote, bali kwa mtoto mwenzake.

5.0 Ushahidi uliopatikana

5.1 Mfano wa Milwaukee

Katika majira ya kuchipua ya mwaka wa 1993 watu wapatao 403,000 waliugua katika mji wa Milwaukee, Marekani, kwa kunywa maji ya bomba yenye kriptosporidi. Mji huo uko katika jimbo lenye ng'ombe wengi wa maziwa, na dhana ya kwamba kinyesi cha ng'ombe kilisombwa na mito hadi ziwani ilikuwa ya kawaida. Miaka michache baadaye sampuli chache za wagonjwa zilizokuwa zimehifadhiwa zilichunguzwa kijeni. Zilikuwa za aina ya watu, ile ambayo mwaka wa 2002 ilipewa jina la C. hominis. Sampuli chache haziwezi kueleza habari yote ya mlipuko mkubwa kiasi hicho. Hata hivyo, zilitosha kuonyesha kwamba maji machafu ya watu hayangeweza kuachwa nje ya hesabu.

5.2 Watoto wa Kenya na wa Kampala

Uchunguzi uliofanywa Kenya na kutangazwa mwaka wa 2006 ulikuta kwamba miongoni mwa watoto wenye kriptosporidi iliyopambanuliwa, kiasi cha asilimia 87 walikuwa na C. hominis, na asilimia 9 hivi walikuwa na C. parvum. Huko Kampala, kwa watoto wa Hospitali ya Mulago waliokuwa na kuhara kwa muda mrefu, matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2005 yalionyesha C. hominis kwa karibu robo tatu yao. Katika sehemu hizo, basi, njia kubwa ya maambukizo ilikuwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, iwe kwa maji, kwa mikono au kwa chakula.

5.3 Bwindi na Kibale

Mifano iliyo karibu zaidi na Butembo na Beni inatoka katika misitu miwili ya magharibi ya Uganda, ambako watu, mifugo na wanyama wa porini wanaishi bega kwa bega. Huko Bwindi, mpakani mwa Kongo, watafiti waliochunguza jiardia walikuta kundi A kwa gorila, kwa watu na kwa ng'ombe. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka wa 2002. Yaliashiria kwamba kimelea kilikuwa kikizunguka baina ya wote watatu, na kwamba gorila waliozoeshwa kutazamwa na wageni walikuwa katika hatari.

Huko Kibale, upande wa pili wa Milima ya Ruwenzori ukitokea Beni, uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2010 ulipata sura nyingine. Watu walikuwa na makundi A na B. Mifugo ilikuwa na kundi E. Mbega wekundu wa msituni walikuwa na B, kama watu, na pia E, kama mifugo. Kwa maneno mengine, nyani hao walikuwa wakipokea kutoka pande zote mbili, huku watu na mifugo yao, wanaoishi katika boma moja, wakiwa na jiardia tofauti.

Misitu hii miwili haitenganishwi na safari ndefu, wala maisha ya wakulima wake hayatofautiani sana. Bado majibu yake hayalingani. Funzo linalopatikana ni kwamba jibu la mahali pamoja haliwezi kuazimwa na mahali pengine. Swali la Kipese linahitaji sampuli za Kipese.

6.0 Mipaka ya njia yenyewe

Ni vema mipaka ya upambanuzi wa kijeni ifahamike, ili usije ukatumika kama ramli mpya ya kumtafuta mwenye hatia.

Kwanza, kufanana hakuonyeshi mwelekeo. Mtoto na ndama wakikutwa na nasaba moja, jeni hazisemi nani alitangulia. Ili kujua mwelekeo ni lazima sampuli zikusanywe mara nyingi, kwa tarehe zinazojulikana, na wachunguzi waangalie pia nani hunywa wapi.

Pili, mtu mmoja huweza kubeba aina mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kunakili huelekea kuikuza ile iliyo nyingi na kuificha ile iliyo chache.

Tatu, jeni moja huweza kupotosha, kama vile neno moja la mkopo linavyoweza kumpotosha mwanaisimu kuhusu asili ya lugha nzima. Imewahi kutokea jiardia ya sampuli moja ikaonekana ya kundi A kwa jeni hii na ya kundi B kwa jeni ile. Ndiyo maana watafiti makini hulinganisha jeni kadhaa kabla ya kutamka.

7.0 Maana yake kwa Kipese, Butembo na Beni

Kusoma jeni si jambo geni kabisa katika eneo hili. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kongo, INRB, walisoma jeni za virusi vya wagonjwa wa Beni na Butembo na kufuatilia minyororo ya maambukizo. Kwa njia hiyo iligunduliwa kwamba mgonjwa mmoja aliyepona aliugua tena, na kwamba wagonjwa 91 walitokana na mnyororo ulioanzia kwake. Ujuzi huo huo unaweza kutumika kwa sisti zilizochujwa kutoka katika chemchemi.

Mlipuko huo ulifundisha jambo jingine, linalowahusu moja kwa moja wanafunzi wa Kiswahili. Mwaka wa 2019 shirika la Translators without Borders lilionyesha kwamba watu wengi wa eneo hilo walitaka maelezo kamili katika lugha wanazozitumia, Kinande na Kiswahili cha Kongo, na kwamba ujumbe wa Kifaransa au wa Kiswahili sanifu mara nyingi ulikuwa haueleweki ulivyokusudiwa. Sampuli iliyochukuliwa bila maelezo huzaa shaka. Matokeo yakirudishwa kwa neno moja tu, "amibe", kazi yote ya maabara itakuwa imepotea njiani.

Kwa ajili hiyo inapendekezwa istilahi ziwe chache na zitenganishwe vizuri. Neno kimelea litumike kwa kiumbe chochote kinachoishi kwa kumtegemea mwingine na kumdhuru. Spishi litumike kwa C. hominis au C. parvum, kundi kwa herufi za jiardia, na nasaba kwa matawi madogo kama IIa na IIc. Kwa mwanakijiji inatosha kusema: "Ugonjwa wa mtoto ni wa ukoo wa watu; ule wa ndama ni wa ukoo mwingine." Neno ukoo linaeleweka Kipese bila kamusi, na linabeba maana yenyewe ya urithi.

Mwaka wa 2024 vita vilipofika kusini mwa Lubero, na Kanyabayonga kutekwa mwezi wa Juni, maelfu ya watu walikimbilia kaskazini. Familia nyingi zinapolazimika kutumia chemchemi moja, swali la nani anachafua maji huulizwa kwa hasira zaidi, na mgeni ndiye anayelaumiwa kwanza, yeye pamoja na mifugo yake kama anayo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba jina moja la ugonjwa, na hata umbo moja chini ya darubini, vinaweza kuficha vimelea vingi vyenye asili mbalimbali. Upambanuzi wa kijeni huvitenganisha, na mara kadhaa umebadilisha dhana zilizokuwa zimekubaliwa. Huko Milwaukee ulielekeza kwa watu mahali ambapo ng'ombe walidhaniwa. Huko Bwindi ulikuta kundi moja kwa watu, ng'ombe na gorila. Huko Kibale ulitenganisha jiardia ya watu na ya mifugo yao.

Wakati uchunguzi wa aina hiyo ukisubiriwa, kuchemsha maji, kulinda chemchemi, kuchimba vyoo na kuwaweka ndama mbali na watoto ni mambo yanayofaa, chanzo kiwe watu au mifugo. Kwa upande wa Idara za Kiswahili, kuna kazi ambayo maabara haiwezi kuifanya: kuandaa, pamoja na wauguzi na madaktari wa mifugo wa Lubero, orodha fupi ya istilahi ambayo mama mwenye mtoto mgonjwa na mfugaji mwenye ndama mgonjwa wataielewa kwa namna moja.